Nani alishika ufunguo? Kuomba kumbukumbu za ulinzi wa uchaguzi kutoka halmashauri

SWALI: Mwanangu, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi kwenye kata moja ya mlimani huku mkoani Mbeya. Uchaguzi wa vijiji na vitongoji wa Novemba 2024, vifaa vililetwa kata siku mbili kabla ya kupiga kura. Vikawekwa chumba cha nyuma cha ofisi ya kata, kile ambacho dirisha lake limezibwa kwa bati. Usiku wa kwanza nilimwona mgambo mmoja kajikunyata ndani ya koti la mvua. Usiku wa pili sikuona mtu. Asubuhi yake kufuli lilikuwa jipya. Sisemi kura ziliibwa, sina ushahidi, na aliyeshinda kijijini kwetu hata mimi nilimpigia. Nataka tu kujua nani alikaa na ufunguo, walinzi kwenye makaratasi walikuwa wangapi, walilipwa shilingi ngapi, na yale masanduku yalikabidhiwa kwa maandishi au kwa mdomo. Mtendaji wa kata ameniambia, "Mwalimu, hayo ni mambo ya usalama, achana nayo." Je, nina haki ya kuuliza? Nimwandikie nani? Na nisije nikaitwa mchochezi uzeeni.

JIBU: Shikamoo mwalimu.

Haki ya kuuliza unayo, na hapo sitakaa sana maana si hapo barua za wananchi zinapofia. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, katika kifungu cha 5, inakupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma, na halmashauri ni mojawapo. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara, na inapotaja "mtu" inamaanisha raia, kwa hiyo ambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA ili usirudishwe mlangoni kwa sababu hiyo.

Barua zinafia masjala, ile ofisi ya kupokea na kutunza barua na majalada. Najua kwa sababu kabla ya kusomea sheria nilifanya kazi masjala ya halmashauri moja ya huku Nyanda za Juu Kusini, miaka tisa ya kupiga mihuri na kufungua majalada. Mwaka mmoja baada ya uchaguzi ililetwa barua ya mzee fulani, kurasa nne za mkono, mwandiko wa shule za zamani. Kichwa chake kilisema: "YAH: USALAMA WA UCHAGUZI KATIKA KATA YETU." Ndani aliuliza mambo ya maana kabisa, likiwemo gari lililobeba masanduku na lilichelewa wapi. Karani mwenzangu alisoma kichwa, akasema "hii siyo ya kwetu," akaipeleka masjala ya siri. Sikuiona tena, na yule mzee alikuja kuulizia mara mbili akaambiwa inashughulikiwa. Hakuna aliyemfanyia hila. Kichwa cha barua ndicho kilichochagua jalada, na jalada likachagua ni watu gani wataiona.

Hilo watu wa nje hawalijui. Halmashauri ina masjala mbili: ya wazi, ambako barua yako ya kiwanja au ya likizo inakaa, na ya siri, ambako wanaingia watumishi wachache waliofanyiwa upekuzi. Neno "usalama" kwenye mstari wa juu linaisukuma barua kwenye masjala ya pili hata kama unaulizia kufuli la shilingi elfu kumi. Na baada ya ghasia za uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, maneno "usalama" na "uchaguzi" yakikaa pamoja kwenye kichwa kimoja, karani ataishika barua kama anashika kaa la moto.

Kwa hiyo usiombe taarifa za usalama wa uchaguzi. Omba karatasi za vifaa na za malipo.

Ulinzi wa uchaguzi, ukiutazama ukiwa ofisini, una pande mbili. Upande mmoja ni mpango: askari wangapi, wakae wapi, nani awe na silaha, ikitokea fujo nani apigiwe simu. Hayo yako kwa mkuu wa polisi wa wilaya na kwenye Kamati ya Usalama ya Wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Hutayapata, na kusema kweli sioni ubaya usiyapate. Kifungu cha 6 cha sheria niliyoitaja kinaruhusu kuzuia taarifa zinazohusu usalama wa taifa, na katika kufafanua maneno hayo kinagusa hata udhaifu na uwezo wa majengo, mipango na huduma za ulinzi. Ukiuliza "ofisi ya kata inalindwaje wakati wa uchaguzi" umeingia mwenyewe kwenye kifungu hicho, umefunga mlango kwa mkono wako.

Upande wa pili ni mali na fedha: chumba, kufuli, gari, mafuta, posho, masanduku, lakiri za kufungia masanduku, saini za makabidhiano. Hayo yanakaa uhasibu, stoo na masjala ya wazi. Mlinzi akishalipwa, malipo yake ni fedha ya umma iliyotumika, na karatasi yake inakaguliwa kama karatasi ya chaki. Maswali yako yote manne, mwalimu, yako upande huu. Mtendaji wako amekujibu kana kwamba umeuliza ya upande ule.

Sasa nani wa kumwandikia. Hapa watu wengi wanapotea, kwa sababu mtu mmoja anavaa kofia zaidi ya moja.

Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024, wa vijiji, vitongoji na mitaa, ulisimamiwa na TAMISEMI kwa kanuni za waziri wake. Tume ya uchaguzi haikuuendesha. Vifaa vilipita halmashauri, posho zikalipwa kupitia halmashauri. Barua yako ni ya Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yako, aliye ofisa masuuli, ndiye anayejibu kwa kila senti inayotoka pale. Mwandikie kwa cheo hicho. Usimwandikie "Msimamizi wa Uchaguzi". Kofia hiyo ilivuliwa uchaguzi ulipokwisha, na mtu anaweza kukujibu kwamba msimamizi hayupo tena.

Ungekuwa unauliza uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani wa Oktoba 2025, ningekuelekeza kwingine. Huo uko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kwa Sheria Namba 1 na Namba 2 za mwaka 2024, na nyaraka zake ni za Tume hata zikiwa zimefungiwa kwenye jengo la halmashauri. Barua ingekwenda Dodoma, nakala kwa mkurugenzi. Usichanganye chaguzi hizo mbili kwenye barua moja, maana kila mmoja atamsukumia mwenzake.

Hakikisha pia ni halmashauri ipi. Wilaya ya Rungwe, kwa mfano, ina halmashauri mbili, ya Rungwe pale Tukuyu na ya Busokelo kule Lwangwa. Wilaya ya Mbeya ina Jiji na ina Halmashauri ya Wilaya. Mufindi ina Halmashauri ya Wilaya ya Mufindi na ya Mji Mafinga. Momba ina yake na Tunduma ina yake. Mtu wa Busokelo akiandikia Tukuyu kwa kuwa ndiko "wilayani", barua inaweza kukaa wiki tatu kabla ya mtu kusema siyo yetu. Na ofisi ya mkuu wa wilaya siyo halmashauri, japo wenye bajaji wengi watakushusha huko ukisema "nipeleke wilayani".

Jambo jingine, na hili nalisema kwa sababu nawajua walimu. Miaka yote ya utumishi umeandika barua zenye "u.f.s. Mwalimu Mkuu, u.f.s. Mratibu Elimu Kata", yaani barua ipitie kwanza kwa hao. Mkono wako utataka kuandika "u.f.s. Mtendaji wa Kata". Uzuie. Ile ni njia ya mtumishi kwenda kwa mwajiri wake, na wewe sasa ni mwananchi. Ukiipitisha kwa mtendaji umempa yule anayeulizwa nafasi ya kuamua kama swali lifike. Mpe nakala kwa heshima, baada ya barua kupokelewa juu.

Karatasi gani basi? Sheria inakupa taarifa iliyopo. Haimlazimishi mkurugenzi kukaa chini akutungie maelezo. "Kwa nini kufuli lilibadilishwa?" ni swali la maelezo, na jibu lake rahisi ni "hatuna taarifa hiyo". "Naomba nakala ya risiti ya kufuli" ni swali la karatasi. Kwa hiyo kila unachotaka kujua, jiulize kimeacha alama kwenye daftari lipi.

Masanduku yalipotoka makao makuu ya halmashauri, mtunza stoo aliandika hati ya kutolea vifaa au hati ya makabidhiano: idadi ya masanduku, lakiri, karatasi, wino, taa, nani katoa, nani kapokea, tarehe, mara nyingine na saa. Yaliporudi iliandikwa nyingine. Hizo mbili ukizilaza mezani pamoja zinaongea kuliko shahidi. Idadi ya lakiri zilizotoka ukitoa zilizotumika lazima iwe sawa na zilizorudi. Kama aliyepokea kwenye ya kwanza siye aliyekabidhi kwenye ya pili, basi katikati yao kulikuwa na makabidhiano ya tatu, na unaweza kuuliza yako wapi.

Gari lina kitabu cha safari, wenyewe wanakiita logibuku. Dereva anajaza kilomita za kutoka na kufika, saa, na aliyeidhinisha safari. Kwa barabara za huko kwenu mwezi Novemba, mvua zikiwa zimeanza, gari kuchelewa siyo ajabu. Ajabu ni kilomita kuzidi umbali.

Walinzi wana karatasi ya kusaini posho: jina, idadi ya siku, kiwango, jumla, saini au dole gumba. Hii huambatishwa kwenye hati ya malipo, ile wahasibu wanaiita vocha. Hapa ndipo jibu lako la usiku wa pili lilipo. Wewe uliona mgambo mmoja usiku mmoja. Karatasi ikionyesha mmoja kwa usiku mmoja, basi kulikuwa na uzembe wa kupanga, jambo la kulisema kwenye mkutano wa kijiji. Ikionyesha wanne kwa usiku tatu, hilo si suala la usalama tena, ni la fedha, na ofisi ya TAKUKURU ya wilaya inajua pa kuanzia. Usilihukumu kabla hujaliona. Mgambo anaweza kuwa alikuwa upande wa pili wa jengo, au kwa mama ntilie anapasha mikono moto. Huko kwenu usiku baridi linang'ata.

Ufunguo ndio mgumu. Ofisi chache zina rejista ya funguo. Inaweza kuwepo barua iliyompa mtu fulani dhamana ya kutunza vifaa, na inaweza isiwepo. Lakini ikiwa hakuna karatasi yoyote inayoonyesha nani alishika ufunguo wa chumba chenye karatasi za kura kwa siku mbili, kuandikiwa hivyo kwa mhuri wa halmashauri ni jibu kamili. Ndiyo maana unaomba wakujulishe kwa maandishi pale ambapo hakuna.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Ningeiandika hivi:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ……,
S.L.P. ……

YAH: MAOMBI YA NAKALA ZA KUMBUKUMBU ZA VIFAA NA MALIPO, KATA YA ……, NOVEMBA 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni raia na mkazi wa Kijiji cha ……. Nakala ya kitambulisho nimeambatisha. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kukagua, na pale inapowezekana kupewa nakala, za kumbukumbu zifuatazo za kati ya tarehe 20 Novemba na tarehe 5 Desemba 2024, zinazohusu Kata ya …… pekee:

(a) hati za makabidhiano ya vifaa vya uchaguzi kati ya halmashauri na kata, wakati wa kupokea na wakati wa kurejesha;
(b) hati za malipo na karatasi za kusaini posho za walinzi wa ofisi ya kata;
(c) kurasa za kitabu cha safari cha gari lililopeleka na kurudisha vifaa hivyo;
(d) kumbukumbu za stoo au risiti za kununua na kutoa makufuli na lakiri;
(e) barua au rejista inayoonyesha mtumishi aliyepewa dhamana ya ufunguo wa chumba kilichotunza vifaa hivyo.

Siombi mpango wa ulinzi, majina ya askari polisi wala karatasi za kura. Namba za simu, za akaunti na za vitambulisho vya waliolipwa zifutwe kabla ya nakala kutolewa. Endapo kumbukumbu yoyote haipo, naomba kujulishwa hivyo kwa maandishi, kipengele kwa kipengele. Gharama za nakala nitalipa.

Hapo chini jina, saini, tarehe, anwani na simu. Basi. Usiweke hadithi ya koti la mvua wala dirisha la bati. Hizo ni zako, zitakusaidia ukishapata karatasi za kulinganisha.

Kile kifungu cha "siombi" ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na nitakueleza sababu. Sheria hiyo hiyo inayokupa haki inamtishia mtumishi: akitoa taarifa iliyozuiwa, ni kosa, na adhabu yake ni kifungo. Sasa mfikirie afisa wa watu, ana mkopo wa benki na mtoto chuo, analetewa barua ya uchaguzi. Akikunyima, atapata lawama yako. Akikupa na ikaonekana amekosea, atapata kesi. Ungekuwa wewe ungechagua nini? Ukimwandikia wazi kwamba hutaki mpango wa ulinzi, hutaki polisi, hutaki kura, umempa kitu cha kumwonyesha bosi wake: "Mzee, ameomba vocha tu." Na ile ya kufuta namba za simu inaizima hoja ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kabla haijatolewa. Usishangae nimeruhusu majina ya mgambo yabaki. Wakikataa majina, pokea idadi na kiasi, vinakutosha.

Tarehe nimezibana makusudi. Ukiomba "kumbukumbu zote za uchaguzi" utaambiwa ni nyingi, au utakadiriwa gharama ya kutoa nakala ya stoo nzima. Kukagua kwa macho ukiwa na daftari na kalamu ni nafuu kuliko kurudufu, na mara nyingi ofisa anaona ni jambo dogo kukukalisha kwenye benchi na jalada nusu saa kuliko kusaini nakala zitoke nje.

Ipeleke mwenyewe, nakala mbili. Moja inabaki masjala, nyingine wanakupigia mhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe na wewe unaondoka nayo. Usikubali "iache tu, tutakupigia". Kama karani anasita, mwombe akuandikie namba ya kwenye rejista ya barua zinazoingia. Kwa mtu wa masjala kukataa namba ni kama mwalimu kukataa kuita mahudhurio. Ikishindikana kabisa, tuma kwa rejista ya Posta na utunze risiti. Picha ya barua kwa WhatsApp ya mkurugenzi haihesabiki, hata tiki zikiwa bluu.

Mhuri una kazi moja kubwa. Sheria inampa aliyepokea ombi si zaidi ya siku 30 kukupa taarifa au kukujibu kwa nini hawezi kukupa, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa ilipopokelewa. Bila mhuri huna siku ya kwanza. Ukifika utaulizia afisa anayeshughulikia maombi ya taarifa, kwa kuwa sheria inaitaka kila taasisi iwe naye. Mara nyingi utaelekezwa kwa afisa habari. Mfahamu kwa jina, msalimie, mpe nakala. Siku ya kumi na tano pita umuulize. Ukiwa umetoka sokoni na kapu lako la parachichi, hakuna atakayesema umekuja kwa shari.

Majibu utakayopewa yana aina zake. Likija la "ni suala la usalama", jibu kwa barua fupi kuomba waonyeshe ni kipengele gani kati ya (a) hadi (e) kinachozuiwa, na kwa aya ipi ya kifungu cha 6. Kukataa kunatakiwa kuwe na sababu. Sijaona risiti ya kufuli ikizuiwa kwa sababu za ulinzi wa taifa, ingawa sitasema haiwezekani.

Likija la "nyaraka za uchaguzi zilishateketezwa", tofautisha. Karatasi za kura zina utaratibu wake na hukuziomba. Vocha, leja ya stoo na hati ya makabidhiano ni kumbukumbu za halmashauri, na sheria ya 2016 inataka taarifa zitunzwe kwa miaka isiyopungua 30. Omba nakala ya kibali cha uteketezaji. Kuharibu kumbukumbu ili mwombaji asizipate ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo, na huna haja ya kulitaja kwenye barua, wanalijua.

Likija la "nenda polisi", uliza kwa upole kama polisi ndio waliolipa posho za mgambo.

Wakinyamaza siku 30 zikaisha, au wakikataa, una siku 30 za kumwomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi. Utasema: lakini huyo ndiye mkurugenzi niliyemwandikia. Ni kweli, na ni udhaifu wa sheria yetu ninaoulalamikia kila nikipata nafasi. Fanya hivyo hivyo, kwa kuwa hatua inayofuata, rufaa kwa waziri mwenye dhamana na sheria hiyo, haifunguki kama hukuipitia hii. Baada ya waziri imebaki Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio, ambayo Kanda yake ipo hapa Mbeya, lakini kwa kufuli na posho za mgambo wawili sikushauri ufike huko kwa pensheni yako. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila ada, na barua yake ikifika halmashauri watu wanakaa sawa.

Kuna milango miwili isiyo na barua. Diwani wako anaweza kuuliza hilo hilo kwenye baraza, na kamati ya fedha inaletewa taarifa za matumizi. Kama mnaelewana naye, mpe zile (a) hadi (e) kwenye kikaratasi. Na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa, ambayo huwekwa wazi kila mwaka baada ya kufika bungeni mwezi Aprili, haitakuambia kufuli la kata yako, ila itakuonyesha kama halmashauri yako ina tabia ya kulipa bila viambatisho. Hilo ni vizuri kulijua kabla ya kuingia.

Kuhusu uchochezi. Kuomba kwa maandishi, kwa jina lako, kwa ofisi yenye dhamana, siyo kosa. Ninakoona watu wakiumia ni hatua mbili baadaye. Ya kwanza ni pale mtumishi mwenye huruma anapokupenyezea karatasi yenye mhuri wa SIRI. Usiipokee hata kwa kuisoma. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ina vifungo vizito kwa nyaraka za namna hiyo, kwa aliyetoa na kwa aliyepokea. Ya pili ni kuchukua ulichopewa ukakibadili. Kupotosha taarifa uliyopewa ni kosa chini ya sheria ya 2016. Kama karatasi inasema walinzi wanne, sema "karatasi inasema wanne, mimi nilimwona mmoja", na uishie hapo. Usiseme kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kwamba wamekula posho za watu watatu. Huenda ni kweli, lakini hujui bado, na hao watatu wana majina.

Na kama nia yako ingekuwa kupinga matokeo, ningekuambia njia ni mahakamani na siku 30 za kufungua shauri zilikwisha zamani. Wewe umesema si hivyo, na ningependa lionekane si hivyo. Ndiyo maana sikuweka neno "kura" kwenye kichwa cha barua.

Nenda Jumanne au Jumatano. Jumatatu wakuu wako vikaoni, Ijumaa mchana masjala inaanza kufunga madirisha. Chukua kalamu yako ya wino, kitambulisho halisi siyo nakala tu, na shilingi kidogo za kurudufu. Ukirudi, andika nyuma ya nakala yako jina la karani aliyekupokea na saa.